Likizo ya Juni Dodoma, mbali na binamu

Sisi tuliohamia Dodoma kutoka Kenya, likizo ya Juni hututesa kuliko ya Desemba. Shule za hapa zimefungwa, lakini binamu wa Mombasa wako katikati ya muhula, hata simu hawapokei mpaka jioni. Watoto wanabaki wapweke, na runinga inawashwa tangu asubuhi.

Mzazi mwenzangu uliye mgeni, usihangaike kuwaletea watoto kila kitu cha nyumbani. Wape Dodoma yenyewe waishike mikononi.

Kwetu ilianza na udongo. Juni mvua hakuna, na udongo mwekundu umekauka kila mahali. Watoto wanautwanga, wanauchekecha kwa kipande cha khanga kuukuu, kisha wanauchanganya na kiini cha yai na maji kidogo. Yai likizidi, rangi inanata na kuchelewa kukauka. Likipungua, inapukutika ukiigusa. Nyeusi inatoka kwenye mkaa uliosagwa. Brashi ni kijiti kilichopondwa ncha, na karatasi ni maboksi ya dukani. Usiwaambie wachore nini. Watanung'unika kidogo kwamba hawana la kufanya. Vumilia, wazo huja baada ya manung'uniko hayo.

Wakishazoea rangi, wapeleke Kolo, wilayani Kondoa, barabara ya Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mingi yake ni myekundu: watu wembamba warefu, wanyama wa porini. Mtoto aliyesaga udongo kwa mkono wake hapiti pale haraka. Wangu walimbana mwongozaji wakitaka kujua watu wale walichanganya rangi na nini. Wavalishe viatu vya kupandia mlima, mwondoke alfajiri, na waelewe kabla ya kufika kwamba mwamba haushikwi wala haumwagiwi maji.

Muziki nao uko jirani. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, ni watu wa ngoma kwelikweli. Ngoma yao ya muheme hupigwa na wanawake, ikiwa katikati ya miguu. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka marimba na zeze ya Wagogo hadi majukwaa ya Ulaya. Ukiwa na jirani Mgogo mwenye umri, watoto waende kumwamkia shikamoo kwanza, wakae, wasikilize. Akipenda atawafundisha. Wangu wanafanyia mazoezi kwenye ndoo.

Simu siwanyang'anyi kabisa, naipa kazi. Nyanya yao wa Mombasa huwatumia hadithi kwa ujumbe wa sauti, nao humchorea na kumrudishia picha. Mwombe mzazi wako asimulie polepole, hadithi iwe fupi, na aikatishe pale panapokolea ili wajukuu waimalizie wenyewe kwa rangi.