Nina siku moja tu, hija ya Namugongo itahesabika?

SWALI: Shangazi wa Safari, habari ya huko. Mimi ni wa jumuiya moja hapa Nyalenda, Kisumu. Kila mwaka wenzangu wanatoka hapa kwa miguu mpaka Namugongo, kule Uganda kwa mashahidi, rozari mkononi, na mimi nabaki kuwaona kwa WhatsApp maana nauza samaki na nikifunga siku kadhaa wateja wanahama, halafu goti nalo limeanza kunisema. Sasa dadangu aliyeolewa Kampala ameniita, nitalala kwake usiku mbili, siku ya kutembea ni moja tu. Nitembee wapi? Na ukifika na basi ukatembea kidogo, si ni kujidanganya? Kuna mama wa kwaya ameniambia hiyo siyo hija ni matembezi. — Mama Samaki, Nyalenda

JIBU: Mama Samaki, huyo wa kwaya mpelekee hii. Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao, waliohukumiwa na Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga kule Munyonyo mwisho wa Mei 1886, sio wote waliofika Namugongo. Dionisi Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa waliuawa huko huko Munyonyo tarehe 26, Ponsiano Ngondwe pia siku hiyo hiyo, kesho yake Atanasi Bazzekuketta akauawa Nakivubo, naye Matia Mulumba akakatwa viungo akaachwa Old Kampala mpaka akafa tarehe 30. Karoli Lwanga na wenzake ndio waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni. Na wote hao wako kwa orodha moja ya watakatifu 22 aliyoitangaza Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Hakuna aliyekatwa maksi ati hakumaliza njia.

Kwa hivyo siku yako ukiitumia kufuata njia yao wenyewe, mimi naona uko sawa kabisa, pengine hata kuliko kubanana na malori kwa barabara ya Jinja. Anzia Munyonyo asubuhi na mapema, iko karibu na ziwa, ziwa hili hili linalokulisha. Ingia kwa kanisa la mashahidi, kaa kidogo, usikimbilie kupiga picha. Kutoka hapo mpaka Namugongo ni zaidi ya kilomita 20, na Kampala ni milima juu ya milima, sasa hilo goti lako tusilidanganye. Tembea kipande cha kwanza kukiwa bado baridi, ukichoka panda boda mpaka Old Kampala, uombe pale kwa Matia Mulumba. Katikati ya mji ruka na matatu (wao wanaiita taksi, ukisema matatu watajua tu umetoka wapi), ushuke Kireka. Kireka mpaka Namugongo kupitia Kyaliwajjala ni kilomita sita hivi, hizo zitembee zote, hata kama ni polepole na fimbo, maana hapo ndipo unaingia na miguu yako.

Basilika utaiona kwa mbali, imejengwa kama nyumba ya Kiganda, ina nguzo 22 za shaba, na imesimama pale Lwanga alipochomwa. Beba chupa tupu ya maji, watu wa jumuiya watakuuliza maji ya Namugongo kabla hata ya kukusalimia. Waanglikana wana mahali pao hapo karibu, pitia pia, mashahidi wao 23 waliuawa wakati huo huo wa Mwanga.

Tarehe? Ukitaka umati na nyimbo nenda 3 Juni, Madaraka ni tarehe 1 kwa hivyo kufunga duka hakutauma sana. Ukitaka kimya nenda wiki yoyote nyingine, mimi ningechagua kimya. Busia utavuka na kitambulisho tu, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwa mkoba usianze kushika kichwa hapo dirishani. Na tafadhali usinunue raba mpya za safari, vaa zile unazosimamia sokoni.

SWALI: Shangazi mimi ni wa Nakuru, kijana, sina nauli ya Kampala. Hakuna kitu ya hapa? — Kijana wa Free Area

JIBU: Iko, tena mlangoni kwako. Nenda Subukia, kwa Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, unapanda kilima ukifuata Njia ya Msalaba mpaka kwa chemchemi, na unarudi Nakuru siku hiyo hiyo. Oktoba kuna maombi ya taifa na gari zinajaa, kwa hivyo chagua Jumamosi ya mwezi mwingine. Beba sweta.