Anga Jeupe Nyuma ya Maharusi

Ukipiga picha za harusi Dar es Salaam saa nane mchana, utakutana na balaa hili: uso ukitoka vizuri, anga la nyuma limeungua na kuwa jeupe kama karatasi; anga likitoka na bluu yake, uso umezama gizani. Vijana wanaoanza kazi huniuliza wanunue kamera gani. Mimi huwauliza kwanza: ulimsimamisha wapi?

Anga halina mwanga sawa pande zote. Upande jua lilipo huwa limepauka, na upande wa pili bluu imekolea. Coco Beach inatazama mashariki, kwa hiyo alasiri jua liko upande wa mji. Mtu akiipa bahari mgongo, nyuma yake lipo anga lililokolea, na mwanga unamfika usoni. Tofauti kati ya uso na anga inapungua kabla hujagusa kitufe chochote. Kero ni macho: jua likimpiga usoni, atayakunja. Mwambie ayafumbe, hesabu hadi tatu, ayafungue, bonyeza papo hapo. Asubuhi, pale pale, mambo yanageuka. Na ukienda Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ufukwe unatazama magharibi. Jioni jua liko nyuma ya maharusi, na hapo bila flashi uchague moja: uso au anga. Mimi huchagua uso, ila mteja akitaka picha ya vivuli vyeusi mbele ya machweo.

Kuna siku kuchagua upande wa kusimama hakusaidii. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hapa Dar linapita utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo, pua inaangusha kivuli mdomoni. Siku hizo tafuta baraza, au kichochoro ukiwa Mji Mkongwe, ambako ukuta wa chokaa unarudisha mwanga laini usoni. Msimamishe ukingoni mwa kivuli akitazama nje kwenye mwanga, kisha ulitoe anga kwenye picha kabisa. Nani alisema lazima lionekane? Chini ya mwembe angalia tu madoa ya jua yanayopenya kwenye majani. Doa moja kwenye shavu linaharibu picha nzima.

Sasa kamera yenyewe. Kipima mwanga chake kinachukulia kwamba kila inachokiona ni cha kijivu. Bwana harusi mweusi aliyevaa suti nyeusi akijaza fremu, kamera inaongeza mwanga, na shela ya bibi harusi pembeni yake inaungua. Mchanga mweupe wa Paje unafanya kinyume: kamera inapunguza mwanga na nyuso zinatoka nyeusi tii. Ndiyo maana mchana napanga mwanga mwenyewe na kuwasha alama ya kumetameta inayoonyesha sehemu zilizoungua. Alama hiyo ikimeta kwenye wingu, siihangaikii. Ikimeta kwenye paji la uso, pua au shela, napunguza.

Utasikia ushauri wa kupiga gizani makusudi, kisha kuinua mwanga kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha. Ni kweli faili la RAW, yaani picha ghafi kutoka kwenye kamera, linarudisha kivuli kuliko linavyorudisha mahali palipoungua, kwa sababu palipoungua kabisa hapana kitu cha kurudisha. Lakini ngozi nyeusi iliyopigwa gizani na kuinuliwa sana inatoka na chengachenga na rangi ya majivu. Mimi sishuki zaidi ya stopu moja, yaani kupunguza mwanga kwa nusu.

Flashi ndiyo inayokuruhusu kubaki na uso na anga pamoja, ila ina hesabu yake. Kamera nyingi haziendi na flashi ya kawaida zaidi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/200 au 1/250. Kwenye jua kali, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na shata 1/200 zinadai apacha, yaani tundu la lenzi, ya f/11 hivi, na kwa tundu dogo kama f/11 kila nguzo ya umeme nyuma ya maharusi inaonekana wazi. Filta ya ND8, kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi, inakata stopu tatu na kukurudisha f/4, tundu pana linalofifisha vitu vya nyuma. Njia nyingine ni kuweka flashi iende na shata za kasi, lakini inanyonya nguvu, kwa hiyo isogeze karibu. Kama huna flashi, rifulekta nyeupe, ubao wa kurudisha mwanga usoni, inatosha kwa mtu mmoja au wawili. Ile ya fedha juani inawatoa watu machozi, na vipodozi vya bibi harusi vina gharama.

Kuhusu kubandika anga jipya kwa programu, nafanya mteja akisisitiza tu, na hata hapo nachagua anga la mchana lenye mawingu, ambalo mwanga wake unatoka upande ule ule wa mwanga wa usoni. Machweo ya rangi ya chungwa yaliyobandikwa kwenye picha ya saa nane yanaumbuliwa na vivuli vifupi miguuni.