Dawa za petroli: maswali yenu, majibu ya fundi

*Fundi, duka la spea wameniuzia chupa ya kumimina kwenye tangi. Wanasema tuktuk itapata nguvu na itakula mafuta kidogo. Ni kweli? Dereva, Shela ya Malindi*

Inategemea umeuziwa chupa gani, maana zote hupangwa rafu moja. Geuza nyuma usome. Ukiona polieteramini, ambayo hufupishwa PEA, hiyo ni sabuni ya kweli. Inang'oa uchafu uliogandamana kwenye injekta na vali za kuingiza, petroli ikarudi kunyunyizwa laini na kuungua yote. Injini iliyokuwa chafu itachangamka na moshi wake utapungua. Iliyokuwa safi haitaona tofauti, kwani sabuni hurudisha kilichopotea tu.

Chupa ya "kubana mafuta" ni habari nyingine. EPA, shirika la mazingira la Marekani, limepima zaidi ya vitu 100 vinavyodaiwa kubana mafuta na halikupata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Vingine vinaweza hata kuharibu injini au kuongeza moshi.

Nawe kabla ya kununua chochote, fungua filta ya hewa. Kwa mchanga wa mitaa yetu, ninazozifungua mimi nyingi zimeziba kabisa. Hewa ikipungua petroli huzidi, ekzosi hutoa moshi mweusi na tuktuk inakuwa nzito. Hapo chupa haina kazi.

*Vijana wa stejini wanatia vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini. Wanasema pikipiki inaruka. Bodaboda, Mambrui*

Vidonge hivyo, vile vya nafthalini, huinua oktani kidogo kweli, ndiyo maana uvumi huu haufi. Lakini oktani si nguvu. Ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, ule mlio wa kugonga unaousikia ukipanda mlima na abiria wawili. Pikipiki yako imeundwa kwa petroli ya kawaida. Ukizidisha oktani hupati kitu. Petroli ikikauka ndani ya kabureta, nafthalini hubaki chembechembe na kuziba jeti, vile vitundu vidogo vya kupitishia petroli. Virudishe kabatini.

Chupa za kuongeza oktani nazo ni vivyo hivyo, isipokuwa kwa injini inayogonga kweli. Zenye manganizi huacha plagi na rangi nyekundu nyekundu.

*Nina Demio ya Skyactiv. Fundi wangu ameniambia nitie dawa kwenye petroli isafishe vali. Mama Salma, Watamu*

Kwa injini hiyo, mama, utasafisha injekta lakini si vali za kuingiza. Petroli ya Skyactiv hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na haipiti juu ya vali hizo, kwa hiyo dawa ya kwenye tangi haizifikii. Vali zikiwa chafu, lazima zifunguliwe na kusafishwa.

*Boti yangu ya faiba huipandisha pwani kusi ikikaza. Mashine ni tustroki. Nitie dawa ya kuhifadhi petroli? Na ile ya kukausha maji? Nahodha, Kizingitini*

Ya kuhifadhi, tia, lakini kwenye petroli mpya. Iliyokwisha kuharibika haifufuki. Kwa joto letu sehemu nyepesi za petroli huruka, na kinachobaki huwa utomvu ndani ya kabureta. Ukishatia, washa mashine dakika kumi kwa maji matamu ili dawa ifike kwenye kabureta na chumvi ioshwe. Kisha chomoa mpira wa mafuta, iache ijizimie yenyewe.

Ya maji siipendi sana. Ni spiriti tu, hubeba matone machache. Maji yakiwa yametuama chini ya dumu, yaache yatulie, umwage ya chini, halafu tumia faneli yenye kichujio. Na kumbuka, hakuna dawa inayoshika nafasi ya oili. Tustroki huchanganyiwa oili ndani ya petroli: kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili.

*Je, dawa hizi hazina sumu? Mwalimu, Gede*

Iliyovuma kuliko zote ilikuwa sumu. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kuwa risasi, ile madini, ikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga. Ilitumika duniani kote huku ikiharibu ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, Kenya ikawa imeachana nayo kufikia 2006. Algeria ilimaliza mwaka 2021, ya mwisho duniani. Risasi pia huua kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Siku hizi mchezo ni mafuta ya taa kwenye petroli. Hushusha oktani na kujaza masizi. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Gari likianza kugonga mara tu baada ya kujaza, badilisha sheli kwanza. Na moshi wa buluu ni oili inaungua: ringi au sili za vali. Hapo ni spana tu.

*Ile ya PEA nitie mara ngapi? Dereva, Gongoni*

Chupa moja kwa tangi zima la gari, muda mfupi kabla ya kumwaga oili, kwa kuwa kiasi fulani hupenya hadi kwenye oili. Usizidishe kipimo.