Naenda Al Ain. Je, Forester yangu niende nayo?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Pasua, Moshi, fundi umeme wa majumbani. Nimepata mkataba wa miaka 2 kwenye hoteli moja mjini Al Ain, Falme za Kiarabu, na natakiwa kuripoti mwezi wa 6. Nina Subaru Forester ya mwaka 2003, turbo, gia ya mkono, rangi ya bluu. Nimeijenga kidogo kidogo kwa miaka 5, kila mshahara na kipuri chake. Wenzangu wananiambia niipakie kwenye kontena. Wengine wanasema niiuze kwa sababu joto la kule linaua magari. Mimi kuiuza siwezi, nasema ukweli. Nifanye nini? Na mtu anayependa magari anaishije kwenye jangwa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana miaka ile niliyoondoka Arusha kwenda kupiga spana kwenye gereji za eneo la viwanda la Sharjah, hukohuko Falme za Kiarabu, swali hilohilo nilikuwa nalo na sikuwa na wa kumuuliza. Nilikaa huko miaka 9. Nitakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

Kontena lisahau. Sababu yenyewe hata si joto, ni usukani. Sisi tunaendesha kushoto, usukani uko kulia. Kule wanaendesha kulia, usukani uko kushoto, na gari la usukani wa kulia kwa kawaida halisajiliwi kwa matumizi ya barabarani, ukiacha magari ya kale ya kumbukumbu. Utalipa meli, utalipa bandari, halafu Forester yako itakaa uani na vumbi.

Kuiuza pia sikushauri, kama moyo haupo. Gari ulilolijenga kwa miaka 5 huwezi kulinunua tena kwa bei utakayouzia. Lakini kuliacha kuna kazi yake, na hapo ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanafunika turubai, wanampa mdogo wao funguo, wanapanda ndege. Wakirudi wanakuta panya amekula waya na breki zimeshika kutu.

Fanya hivi. Badilisha oili kabla ya kuondoka, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na utaiacha imekaa juu ya vyuma miezi mingi. Jaza tangi la mafuta pomoni, maana tangi tupu hutoa jasho kwa ndani na jasho hilo ni kutu. Ongeza upepo wa matairi uzidi kidogo kiwango cha kawaida, au lipandishe gari kwenye stendi imara. Breki ya mkono usiivute, weka vizuizi vya mbao kwenye magurudumu. Mtafute mtu mmoja mzima, mwenye leseni na mwenye adabu, alitoe kila baada ya wiki mbili na kuliendesha dakika 30, mpaka Kiboriloni na kurudi inatosha. Kuliwasha dakika 5 uani kisha kulizima ni kuliumiza: injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu wake. Kama huna mtu wa namna hiyo, chomoa betri na uliache lilale kabisa. Na siku utakayorudi, usiliwashe kwa furaha. Angalia kwanza mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaoziendesha valvu kwa wakati wake, umebadilishwa lini. Injini ya EJ20, kama hiyo ya Forester yako, huo mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama.

Sasa joto.

Wewe wa Moshi unadhani unalijua. Februari pale stendi kuu jasho linakutiririka, najua. Lakini Moshi jioni upepo wa Mlima unashuka, na huku kwetu Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, Julai asubuhi watu wanavaa makoti. Ubaridi huu umekuwa ukitusamehe madhambi mengi ya gereji. Rejeta tunajaza maji ya bomba. Thermostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, ikileta shida tunaitoa na kuitupa. Kifuniko cha rejeta kikilegea tunakaza kwa kitambaa cha mpira wa tyubu. Na gari linaenda! Linaenda Tengeru, linaenda Karatu, halichemshi, basi tunaamini tumetengeneza.

Julai yangu ya kwanza Sharjah nilinunua Nissan Sunny kutoka kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao. Nikaondoka nayo saa saba mchana kwenda Al Ain, huko huko unakokwenda wewe, kumsalimu rafiki. Kiyoyozi nimewasha, dirisha limefungwa, nafurahi. Nje ilikuwa digrii 46. Baada ya kama saa moja nikaona sindano ya joto inapanda, nikajiambia itashuka. Haikushuka. Nilipoegesha pembeni, mvuke ulikuwa unatoka kwenye kila upenyo wa boneti, na maji ya kutu, mekundu kama udongo wa Machame, yanachuruzika kwenye lami na kukauka hapohapo, kabla hayajafika ukingoni mwa barabara. Nilisimama nayatazama yanavyokauka. Silinda hedi, kile chuma kinachofunika silinda kwa juu, ilikuwa imeshapinda.

Tulipolifungua gereji, chanzo kilikuwa kifuniko cha rejeta. Raba yake ndogo ya chini, upana wa sarafu, imekauka imepasuka. Kifuniko kile ndicho kinachoshika presha. Maji matupu yaliyo wazi huchemka digrii 100 usawa wa bahari, na hapa Arusha kwa sababu ya mwinuko huchemka kama digrii 95. Kifuniko kizima, kile kilichoandikwa 1.1, hushika presha hiyo na kuyasogeza maji yasichemke hadi yapite 120. Ukichanganya na kulanti, ile dawa ya rangi ya rejeta, nusu kwa nusu unaongeza tena. Hiyo ndiyo akiba ya gari jangwani. Raba ikifa, akiba yote imepotea, na maji yanachemka ndani ya injini wakati wewe unasikiliza muziki. Kifuniko kipya bei yake ilikuwa kama chakula cha mchana. Hedi ilinigharimu mshahara wa miezi miwili.

Kwa hiyo gari utakalonunua kule, la mtumba bila shaka, kitu cha kwanza kabla hujapaka nta wala hujafikiria ekzosi, ni mfumo wa maji. Kulanti ya rangi na aina anayotaka mtengenezaji, imechanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Kifuniko kipya. Thermostati iwepo, wala usimsikilize fundi yeyote, hata Mtanzania mwenzako, atakayekwambia itolewe. Kwenye baadhi ya injini, pamoja na hizo Subaru zetu, thermostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Mbele ya rejeta kuna ile nyavu nyingine ya kiyoyozi, na katikati ya hizo mbili mchanga hujaa kama unga kwenye kinu. Mwombe fundi azitenganishe, azioshe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kwa kiyoyozi chenyewe usibane pesa. Huku tunakiona cha anasa. Kule gari lisilo na kiyoyozi Agosti ni hatari kwa afya yako, na mtoto au mgonjwa usimwache ndani ya gari lililozimwa hata dakika mbili za kununua maji dukani.

Betri ihesabie miaka 2. Watu wetu wanadhani betri huuawa na baridi. Joto ndilo linalokausha maji yake na kula sahani za ndani, kisha inakufa ghafla bila kuaga, asubuhi iliwasha vizuri na mchana inakohoa mara moja tu. Ipime kila Aprili, kabla kiangazi hakijaanza.

Kwenye kununua, tafuta gari lililotengenezwa kwa soko la Ghuba. Hayo huja na rejeta kubwa zaidi na kiyoyozi chenye nguvu. Kuna mengi yaliyoingizwa kutoka Marekani baada ya ajali, yanang'aa na bei ni tamu, hayo yaache. Na hili ulishike sana: tarehe 16 Aprili 2024 ilinyesha mvua kule ambayo haijawahi kuonekana tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Dubai na Sharjah magari yalizama mpaka vioo. Mengine yalikaushwa na kurudishwa sokoni. Wewe ni fundi umeme, unajua maji yanafanya nini kwenye soketi na kompyuta, hayafanyi leo, yanafanya baada ya mwaka. Ukienda kukagua, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa uutazame pale ambapo hauvutwi kila siku, kama kuna mstari wa tope. Inua zulia chini ya kiti cha dereva, ukwaruze kwa kucha. Nusa. Mwenye gari akikuharakisha, mwambie asante na uondoke.

Umeniuliza mpenda magari anaishije. Anaishi vizuri, mdogo wangu, tena sana! Al Ain una bahati. Juu ya mji kuna Jebel Hafeet, mlima wa zaidi ya mita 1,200, na barabara yake ya lami ina urefu wa karibu kilomita 12 na kona 60. Panda usiku, vioo wazi, taratibu. Ukifika juu mji wote uko chini yako na hewa imepoa. Mimi niliyekulia chini ya Meru nilikuwa naenda pale kupunguza hamu ya nyumbani. Sharjah kuna makumbusho ya magari ya kale. Liwa, kule jangwani, kuna Tal Moreeb, kilima cha mchanga cha karibu mita 300, ambapo watu hushindana kukipanda, na hapo utaelewa kwa nini Waarabu wanaipenda Nissan Patrol yenye injini ya TB48 kuliko gari lolote. Utasikia mlio wa lita 4.8 ukipanda ukuta wa mchanga, hutausahau.

Lakini huo msimu wake ni Oktoba hadi Aprili. Kiangazi magari ya mapenzi hulala, watu hutengeneza usiku. Kazi za juani zenyewe zinakatazwa kisheria saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Na mchangani usiende peke yako. Nenda na gari la pili, maji ya kutosha, koleo, na kipimo cha upepo: mchangani unashusha matairi mpaka paundi 15 au 18 ili yatandaze, ukirudi kwenye lami unajaza palepale kabla hujakimbia. Kujenga gari pia uwe mwangalifu. Injini kubadilisha au chasi kuinua bila kibali, faini ni kubwa na gari linashikwa. Tinti mwisho asilimia 50.

Nitumie picha ya hilo utakalonunua. Na kabla ya kuondoka, ilete Forester hapa kwangu Unga Limited, Arusha, Jumamosi moja, tuitazame mikanda pamoja.

SWALI: Fundi, mume wangu ni dereva Muscat, Oman. Anasema wenzake humshauri awe anapunguza upepo wa matairi wakati wa joto kwa sababu hewa huvimba na tairi litapasuka. Mimi naogopa. Ni kweli? Mama wa watoto wawili, Usa River.

JIBU: Si kweli, mama, na mwambie leo hii jioni akipiga simu. Hewa huvimba ndiyo, lakini mtengenezaji ameshalihesabu hilo. Tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopasuka. Likizunguka kwa kasi linakunjika na kukunjuka ubavuni, kule kukunjika kunaleta moto wake lenyewe, juu ya moto wa lami, na nyuzi za ndani zinaachana. Apime asubuhi kabla hajaendesha, afuate kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Akipima mchana tairi likiwa la moto na kukuta paundi zimezidi, asizitoe.

Kisha aangalie ubavuni mwa tairi, zipo tarakimu 4 ndani ya kiduara kirefu. Zikiwa 2318, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lililozidi miaka 5 kwenye joto lile alibadilishe, hata kama meno yake bado ni marefu. Akiwa anaendesha gari la tajiri na tajiri hataki kununua, azipige picha hizo tarakimu amtumie kwa maandishi.