Sukari ilihama kwenye sufuria kwanza

Ipogolo, Iringa
Jumatano usiku

Mwanangu, mama,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikanyamaza. Unasema mwaka huu umejiunga jimu mara mbili na mara mbili umeacha, dayati ya Januari ilikufia mikononi siku ya kumi na moja, na juzi kliniki presha imesoma 138 kwa 88 wakakwambia upunguze uzito. Halafu ukaniuliza: "Baba, wewe mtu wa chipsi na mishkaki ya Ruaha Mbuyuni, uliwezaje?"

Kwanza sikuweza. Mwaka 2016 wewe ulikuwa chuo, hukuona. Nilirudi na lori safari ya Tunduma kichwa kinagonga, nikapimwa: 168 kwa 102, kilo 97. Daktari akaniandikia vidonge, akasema nibadili namna ninavyokula na nianze mazoezi. Nikaipokea kama amri ya jeshi. Kesho yake nikaacha vyote: sukari, chumvi, nyama, soda, pombe ya ulanzi, hata ugali. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani nakimbia, baridi ya Julai unaijua, mvuke unanitoka mdomoni kama lori bovu. Mama yako alinitazama tu, hakusema neno. Siku ya tisa kulikuwa na harusi kwa jirani. Nilikula sahani tatu za pilau, wala haikuwa njaa, ilikuwa hasira. Baada ya hapo miezi mitano nikakaa vilevile, nameza dawa tu, na nyingine nasahau.

Aliyenitoa hapo ni muuguzi mmoja wa makamo, kwa swali dogo. Aliniuliza, "Baba, kikombe chako cha chai kina vijiko vingapi vya sukari?" Nikashindwa kumjibu. Si unajua chai ya kwetu? Maji, majani, tangawizi, na sukari inamwagwa humohumo kwenye sufuria, ndipo inaingia kwenye chupa. Nikarudi nikamuuliza mama yako, naye hajui, yeye anakadiria kwa mkono. Jioni ile tukapima. Akamwaga sukari aliyoizoea kwenye sahani, tukaihesabu kwa kijiko cha chai, tukaigawa kwa vikombe vinavyotoka kwenye chupa. Vijiko vitatu kwa kikombe. Na mimi nilikuwa mtu wa vikombe vitano kwa siku. Hivyo ni vijiko kumi na tano, gramu kama 60, karibu kilo mbili kwa mwezi, mtu mmoja! Hapo soda za njiani sijazihesabu. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina kama vijiko tisa, na jua la Mikumi lilikuwa halinipitishi bila mbili.

Tukafanya jambo moja tu. Sukari ikatoka kwenye sufuria, ikawekwa kwenye bakuli mezani. Wiki tatu za kwanza sikupunguza hata chembe. Niliweka vitatu vyangu vilevile, ila sasa nilikuwa naviona vikiingia. Kisha viwili na nusu kwa wiki tatu. Kisha viwili. Kabla miezi minne haijaisha nilikuwa kwenye kimoja, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Siku moja kwenye msiba Mafinga nikapewa chai, nikadhani mpishi amemwaga sukari mara mbili. Nikawauliza wenzangu, wakasema mbona iko kawaida.

Umepita mlima wa Kitonga mara nyingi ukiwa umelala kwenye basi, mimi nimeipanda na mzigo. Dereva mgeni huja na kasi akidhani itamvusha, halafu katikati ya kona lori linakosa nguvu, anabadili gia amechelewa, ndipo unakuta msururu wa magari umesimama nyuma yake. Mzoefu anaingia gia ndogo huku chini, lori bado halijalalamika. Ile siku ya tisa ya harusi, mimi ndiye nilikuwa yule mgeni wa Kitonga, na miaka yote hiyo nilikuwa nawacheka wengine.

Basi tukaja kwenye ugali. Hapa kulikuwa na ugomvi, nikueleze. Sisi tulikuwa tunakula sembe nyeupe kama pamba. Mahindi yanakwenda mashine, yanakobolewa, ganda na kiini vinatoka kuwa pumba, pumba anapewa nguruwe. Yaani nyuzinyuzi, vitamini na mafuta ya kiini vyote alikuwa anakula nguruwe wa mama yako, sisi tunabaki na wanga. Nguruwe yule alikuwa na afya njema sana. Mimi nikataka twende moja kwa moja kwenye dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Mama yako akagoma. Dona aliyokula bweni ilikuwa na wadudu na harufu, akaapa hatairudia. Tukapatana kuchanganya: kikombe kimoja cha dona kwa vitatu vya sembe. Rangi haikubadilika sana, akakubali. Baada ya mavuno yaliyofuata tukafika nusu kwa nusu, na tumesimama hapo. Ningependa dona tupu, lakini mpishi si mimi.

Kama utatumia dona, usinunue unga wa kutosha miezi mitatu. Kile kiini kina mafuta, ukikaa unachacha. Na mahindi yake lazima yawe yamekauka vizuri na kuchambuliwa, yenye ukungu yatupwe, kwa sababu sumukuvu, sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kupikwa, na dona huhifadhi hata kile ambacho kukoboa kungekiondoa. Sisi tunasaga debe moja moja.

Sahani nayo iligeuka taratibu. Zamani ugali ulijaa sahani, mboga ikakaa kwenye kibakuli pembeni kama mgeni. Sasa majani ya maboga au chainizi ndiyo yanachukua sahani kubwa, na mimi naanza na matonge ya mboga kabla sijaugusa ugali wenyewe. Maharage bado ni maharage, hayana shida na mtu. Mafuta mama yako anapima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Chumvi ya mezani tumeiondoa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na vile viungo vya mchemraba unavyotupia kwenye mchuzi navyo ni chumvi. Kitu kilichonisumbua kuliko vyote ni parachichi. Nimekula parachichi na chumvi tangu utotoni. Nimejaribu ndimu, nimejaribu pilipili. Siku nyingine naweka chumvi, basi.

Mazoezi sasa. Kukimbia nilikuwa nimeapa sirudii. Lakini kila siku nilikuwa na safari ya kwenda mjini, sokoni au kupiga soga pale Miyomboni, na mlima wa hapa kwetu unaujua, daladala zinaupanda zikiguna. Nikajiona mjanja: napanda kwa daladala, narudi kwa miguu, kazi rahisi. Wiki ya pili magoti yakavimba. Dereva mzima nimesahau kwamba breki huisha kwenye mteremko! Nikapumzika, nikageuza. Nikawa napanda kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha fundi viatu tu, pale nasimamisha daladala. Mwezi mzima mpaka kwa fundi viatu. Mwezi wa pili mpaka kona inayofuata. Makonda walinizoea, wakawa wanacheka, "Mzee kituo chake kimesogea." Ilinichukua karibu mwaka kufika juu, na mpaka leo napumzika mara mbili njiani. Kushuka narudi na gari.

Yule muuguzi aliniambia mtu mzima anatakiwa apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumfanya ahemeheme kidogo, na kwamba siku hizi hata vipande vidogo vinahesabiwa. Zamani walitaka dakika kumi mfululizo ndipo zihesabiwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 uliondoa sharti hilo. Hilo lilinipa moyo, maana kutoka nyumbani hadi kwa fundi viatu hazikuwa dakika kumi. Alisema pia misuli ipewe kazi siku mbili kwa wiki. Basi maji ya chai yakiwa jikoni, mimi nakaa kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu. Siku ya kwanza niliinuka mara nne, ya tano nikashika ukuta. Siku hizi kumi na tano, na mjukuu akiwepo ananihesabia, na ananiibia namba.

Usidhani mambo yalikwenda sawa muda wote. Mvua za Januari mpaka Machi udongo huu mwekundu unateleza, mlima siupandi, naongezeka kilo mbili. Ulanzi sikuacha. Ukianza msimu nakunywa kikombe kimoja pale nilipokuwa namaliza jagi, na kama kuna siku nimemaliza jagi, mama yako asijue. Kwa miaka miwili nilitoka kilo 97 nikafika 86. Nilipostaafu udereva zikarudi tatu, sasa niko 89. Presha husoma 130 na kitu kwa 80 na kitu, na vidonge bado nameza kila asubuhi. Nasema hili kwa sababu mtaani kwetu kuna mzee aliyeona anapungua akaacha dawa bila kumwambia daktari, tukamkimbiza hospitali usiku.

Kwa hiyo presha yako kwanza uipime tena. Kipimo kimoja hakitoshi, hasa kama ulifika pale umekimbia foleni ya daladala. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, usiwe umekunywa kahawa. Ikirudi palepale, sikiliza wanachokwambia, kwa sababu hujafika 140 kwa 90 lakini si mbali.

Ya jimu, sidhani tatizo lako ni uvivu. Umenieleza mwenyewe: unatoka kazini saa kumi na moja, foleni, unafika jimu saa moja, nyumbani watoto wanakusubiri na madaftari. Hapo nani asingeacha? Wewe mwendokasi unapanda kila siku. Asubuhi, kabla jua la Dar halijawa kali, shuka kituo kimoja kabla ya kile chako. Basi. Usinunue raba mpya kwa ajili ya hilo, utajiona una deni.

Na chai. Kwako chai anapika dada, si ndiyo? Mwambie sukari isiingie kwenye chupa, iwekwe mezani. Mkwe wangu akiguna, bakuli liko mbele yake, ajiwekee hata vitano. Wajukuu wataanza kidogo tangu sasa na hawatajua kuna vita vilipiganwa. Chapati zako mbili na supu za asubuhi ziache kwanza zilivyo, wali wa mchana uache. Ukimaliza ya sukari, nipigie tuzungumze la pili. Usinipigie wiki ijayo.

Nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi mzigo wako, utaupokea stendi ya Mbezi jioni. Kuna maharage, kuna dona kilo tano zilizosagwa juzi (weka kwenye friji, uzimalize ndani ya mwezi), na parachichi kumi na mbili kutoka kwa mjomba wako wa Njombe. Bado ni ngumu. Zifunge kwenye gazeti siku nne, usiziweke kwenye friji kabla hazijaiva, zitakuwa kama mpira.

Baba yako