Eksirei safi si goti zima. Usicheze Jumamosi!

Wewe wa Kakamega uliyeuliza hapa kama goti lako liko tayari kwa mechi, usicheze Jumamosi. Hayo mengine ngoja kwanza.

Umesema uligeuka kumkwepa beki, hakuna aliyekugusa, goti likalia "ta!", likafura kabla hujafika nyumbani. Eksirei ikatoka safi. Sasa wiki tatu zimeisha, uvimbe umeshuka, unatembea vizuri na kocha anakutaka. Niliposoma hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Ndugu yangu, hilo ni goti langu unalolielezea.

Mimi niliumia hapa Kisumu, mechi ya mtaa, zawadi mbuzi. Mbuzi mwenyewe hatukumpata. Nikapakiwa bodaboda, mguu umenyooshwa kando kama mzigo wa miwa, hadi kituo kimoja ambacho sitakitaja. Wakanipiga picha. Jamaa wa koti jeupe akaiinua kwenye dirisha, akasema, "Mfupa uko sawa, ni misuli tu, pumzika wiki mbili." Goti lenyewe hakuligusa. Narudia, HAKULIGUSA! Fundi wa pikipiki ukimpelekea gurudumu linalocheza, atalishika alitikise kabla hajakutajia bei. Goti langu lilisomwa kwenye picha tu, mwenyewe nikiwa nimelala pale pale.

Na wewe uliyemjibu hapo juu kwamba "eksirei safi, hakuna kitu", tafadhali. Eksirei inaonyesha mfupa. Kano haionekani pale, iwe nzima au imekatika vipande viwili. Goti kufura ndani ya saa chache mara nyingi ni damu imejaa ndani, na baada ya kugeuka vibaya hivyo, mshukiwa wa kwanza ni kano ya katikati inayoushika muundi usitoke mbele, ile wachezaji wote wanaiita ACL.

Basi nikarudi uwanjani wiki ya nne. Kukimbia moja kwa moja sikuhisi chochote, na hapo ndipo goti hili linapokudanganya. Siku ya kugeuka, paja likaenda huku, muundi ukaenda kule, nikajikuta nakula nyasi. Nikafunga bendeji, nikaendelea. Goti lilinitoka hivyo tena na tena, miezi mitano. Kila nikianguka nilikuwa na sababu: uwanja una mashimo, viatu vimeisha meno, refa hajui kazi. Yule mkandaji wa timu naye alikuwa amenikalisha siku za mwanzo, goti limekunjwa digrii 90, akakalia mguu, akavuta muundi mara moja, akatangaza, "Imekaza hii, cheza!" Kumbe goti likiwa bado na uchungu, misuli ya nyuma ya paja inajikaza yenyewe na kuushika muundi usitoke. Alichovuta ni woga wangu.

Halafu siku moja nashuka matatu, goti likakwama. Limekunjwa kidogo, halinyooki, halikunjiki zaidi. Mguu mmoja chini, mmoja hewani, konda ananiuliza kama nashuka ama napiga picha.

Daktari wa mifupa niliyempata mwishowe, mama mmoja mpole, alianza na goti la kulia. Nikamwambia, daktari, bovu ni la kushoto. Akasema, "Najua. Nataka kwanza kuona Mungu alikuumba vipi." Nikalala chali, goti limekunjwa kidogo tu, kama digrii 20 hadi 30. Mkono mmoja akabana paja juu ya goti lisisogee, wa pili akashika muundi kwa nyuma, kidole gumba mbele, akauvuta kuja juu. La kulia lilisogea kidogo likafika mwisho, tap, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. La kushoto, hata likiwa limekwama hivyo, likaja, likaja, halikugonga popote. Niliona kwa macho yangu mguu wangu ukivutwa kama droo. Jasho likanitoka, na wala haikuuma.

Kipimo hicho kinaitwa Lachman. Hakitaki stima wala mashine, na kinaisha kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Miezi mitano!

Vipimo vingine viko. Kuna kubonyeza pembeni kwenye mstari wa goti, na kuna McMurray, ambapo anakunja goti, anazungusha unyayo, halafu ananyoosha akisikiliza kama kuna kitu kinaalika ndani. Hivyo ni vya meniskasi, ile gegedu iliyo kama mto kati ya mifupa ya goti. Mimi McMurray sikufanyiwa, goti lililokwama utalizungushaje? MRI, picha ya mashine inayoonyesha hadi kano, ikamaliza ubishi: ACL imekatika, na meniskasi imechanika ikajikunja katikati kama mpini wa ndoo. Ile meniskasi haikuchanika siku ya mbuzi. Niliichana mwenyewe, kila goti lilipotoka. Haikushoneka, wakakata kipande. Ng'ombe wawili wa baba waliuzwa, na mpaka leo mzee akiniona nachechemea huuliza wanaendeleaje.

Sheria yangu ni moja: kama hakuna aliyeshika magoti yako yote mawili kwa mikono yake, hujapimwa. Siku ya kwanza goti likiwa limejaa naweza kumsamehe mtu, kipimo ni kigumu. Lakini aliyekupima akiwa na akili angekwambia urudi baada ya siku kumi au wiki mbili, uvimbe ukishuka. Wewe uko wiki ya tatu. Sasa ndiyo wakati.

Uliuliza nini kingine, soksi ya goti? Yangu ilinipa ujasiri wa kurudi uwanjani, basi, hiyo ndiyo kazi iliyofanya. Jumatatu nenda kwa daktari wa mifupa au fizio aliyesomea, vaa kaptura, na akikimbilia goti bovu kwanza mwambie aanze na zima. Halafu rudi hapa utuambie kama liligonga.