Anayetumia akili mnemba ni msanii? Muulize kwanza picha kazitoa wapi

Mtoa mada, umeuliza mambo mawili: kama anayetengeneza kazi zake kwa akili mnemba anastahili kuitwa msanii, na kama wewe unayesomea uchoraji uhangaike kujifunza vitu hivi. Wengi waliotangulia hapo juu wamekujibu kwamba huko ni kubonyeza tu. Mimi kuchora na kupiga picha ndiyo kazi inayoniweka mjini, na programu ya aina hii nimeshaifundisha mwenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Msanii wa namna hii namuuliza jambo moja kabla ya yote: picha ulizoifundishia mashine umezitoa wapi? Maana programu hizi hujifunza kutunga picha kwa kulishwa picha nyingi za mfano.

Chukua Anna Ridler wa Uingereza. Mwaka 2018 alikaa Uholanzi msimu wa tulipu, akapiga picha 10,000 za maua hayo, kisha kila picha akaiandikia maelezo kwa mkono: rangi yake, limechanua au bado, lina michirizi au halina. Picha hizo zikipangwa ukutani ni kazi inayojitegemea, inaitwa Myriad (Tulips). Baadaye ndipo akaifundishia mashine na kupata Mosaic Virus, video ya maua ambayo hayajawahi kuota popote, na michirizi yake inabadilika kufuata bei ya bitcoin. Jina linatokana na virusi vilivyokuwa vikiyatia tulipu michirizi, ile iliyowafanya Waholanzi kununua matunguu ya maua kwa bei za kutisha hadi soko likaporomoka 1637. Hapo nani kabonyeza tu?

Linganisha na ile picha ya Edmond de Belamy ya kundi la Obvious la Ufaransa, iliyouzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, Oktoba 2018 kwa dola 432,500 wakati makadirio yalikuwa dola 7,000 hadi 10,000. Walitumia mbinu iliyobuniwa 2014, ya programu mbili zinazoshindana: moja inatunga picha, ya pili inakagua na kujaribu kuikamata ile ya kutungwa. Waliilisha picha za watu kama 15,000 zilizochorwa tangu karne ya 14 hadi ya 20, na sehemu ya programu waliyotumia iliandikwa na kijana mwingine, Robbie Barrat, aliyeiweka wazi mtandaoni. Mnada ule ndio uliofanya dunia isikie habari hizi, lakini kama kazi ya sanaa, mimi naiona nyepesi sana mbele ya maua ya Ridler.

Nilipoanza mwenyewe nilichagua milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Nilizunguka vichochoroni asubuhi kabla watu hawajajaa, nikapiga, nikarudi nyumbani nikaweka lebo: yenye njumu (vile vishikizo vya shaba), isiyo na njumu, kizingiti cha juu kimenyooka au kina tao, kuna yungiyungi, kuna mnyororo, kuna magamba ya samaki. Kuweka lebo kunachosha kuliko kupiga picha, ila ndiko kulikonifundisha kuitazama milango. Mashine ilipoanza kutoa milango yake, vivuli vyote vililala upande mmoja, kwa sababu saa yangu ya kupiga ilikuwa ile ile. Na zile nyaya za umeme zinazopita mbele ya nyumba nyingi kule, ikazihesabu kuwa sehemu ya nakshi: zilishuka kutoka juu, zikajikunja, zikageuka mizabibu. Nilizipenda mno, sikuzifuta.

Nikampelekea fundi mmoja mzee wa kuchonga azione. Aliangalia mmoja muda mrefu kisha akaniuliza, "Mwanangu, mlango huu utafungwaje?" Mashine ilikuwa imeusogeza mfaa pembeni, na mfaa ndio unaoziba mwanya kati ya mbawa mbili. Ilijua mfaa unavyoonekana, kazi yake haikuijua. Tangu siku hiyo nikaanza kuweka lebo pamoja na yeye, na jina lake linakaa kwenye kazi hizo kama langu.

Wapo wengine wa kuwatazama. Linda Dounia wa Senegal alitengeneza bustani ya mimea ya Saheli iliyotoweka au iliyo hatarini kutoweka. Stephanie Dinkins wa Marekani alijenga Not the Only One, kifaa kinachozungumza na watu, kikiwa kimefundishwa kwa simulizi za wanawake wa vizazi vitatu vya familia moja ya Wamarekani weusi. Data chache, lakini zina wenyewe.

Hasira ya waliotangulia naielewa, na mahali pake ni kwingine. Stable Diffusion, programu inayotunga picha kutokana na maneno unayoiandikia, ilipotoka Agosti 2022, ilikuwa imefundishwa kwa sehemu ya LAION-5B, lundo la picha zaidi ya bilioni 5 na maelezo yake zilizokusanywa mtandaoni bila kumuuliza aliyezichora. Januari 2023 wachoraji Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz wakafungua kesi Marekani, na niko upande wao. Kisha jaribu kuziomba programu hizi kubwa zikuchoree kanga. Mimi nimepewa vitambaa ambavyo pindo limekatika njiani, mji, yaani sehemu ya katikati, umejaa chochote, na jina, yaani ule msemo wa kanga, ni herufi zisizosomeka.

Kwa hiyo ndiyo, jifunze, na kuchora kwa mkono usiache, maana jicho unalolipata huko ndilo utakaloweka nalo lebo. Anza na kitu kilicho karibu unachoweza kukipiga picha mwenyewe: mitumbwi, mikeka, mabango ya vinyozi. Mwombe mwenye kazi ruhusa, na mweleze picha zinakwenda wapi. Kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro si lazima ununue, unaweza kukodi kwa saa mtandaoni. Ukishapata picha zako za kwanza ziweke kwenye uzi huu, nami nitakuonyesha nilivyopanga lebo za milango.